Kilicholelewa na Maji

Mwaka ule mpunga ulikubali bonde zima la Rufiji. Ghala letu pale Kibiti lilijaa hadi mlangoni, na mume wangu alikuwa anakufa njaa katika nyumba hiyo hiyo.

Sisemi kwa mafumbo. Mshamu alikuwa pande la mtu, wa kubeba gunia la mpunga begani huku anapiga soga. Sasa nilikuwa namwinua kitandani peke yangu, nami si mwanamke mkubwa. Nilipomshika kwapani mbavu zake zilinigusa kiganjani, nikawa nageukia ukutani ili asione uso wangu. Namkalisha, nampa uji wa muhogo, anakunywa vijiko viwili, anashukuru, anataka kulala tena. Uji huo ndio uliokuwa chakula chake, pamoja na ndizi za kuchemsha zisizo na nazi wala kitunguu. Ndizi zenyewe alizitafuna kama mtu anayetafuna karatasi.

Tumbo lilimwanza mwaka wa mwisho wa vita vya Hitla. Alipoharisha tulisema ni maji ya mtoni. Alipoendelea tulisema ni maembe. Ilipokuja damu tulinyamaza. Lilikuwa linapoa, anarudi shambani, anacheka na watu, halafu linarudi na kumkata mpaka anajikunja sakafuni. Mwingereza alikuwa ameshamaliza vita vyake, vyetu ndiyo kwanza vinaanza.

Ukiwa na ugonjwa wa namna hiyo Kibiti, kila mtu ni mganga wako. Hata aliyekuja kuomba kijinga cha moto jikoni ataondoka amekuachia dawa. Nami sikuchagua. Ukiona mumeo anatoka damu huchagui, unakwenda unakoelekezwa.

Tulianza kwa dresa wa dispensari, kijana mpole mwenye kofia nyeupe. Alimpa dawa ya maji iliyotuama chini ya chupa kama chokaa, akamwambia aache pilipili na ndimu. Baadaye akampeleka hospitali, akalazwa, akarudi na nafuu, nafuu ikaisha. Dresa hakuona haya kutuambia kwamba ugonjwa huu hata wakubwa wake hawaujui vizuri. Nilimpenda kwa hilo, ila upendo hauzibi tumbo. Nikampeleka Mshamu hadi Bungu, kwa Bibi Mwanamina, akanyweshwa maji ya majani ya mpera na mizizi michungu. Naye akamkataza bamia, mlenda na kila kinachoteleza, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa linateleza tayari. Mwalimu Seleman wa msikiti wetu akamwandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani, akaliosha, akamnywesha, akamkataza kitunguu, papa na vitu vya harufu.

Na Jayaben, mke wa mwenye duka, rafiki yangu tangu tulipokuwa sote wawili wageni pale mjini, alinipa maganda ya mbegu za kwao India. Meupe, mepesi kama pumba. Ukiyatia kwenye maziwa mgando yanavimba na kuteleza kuliko bamia yoyote. Naye akasema nyama basi, kunde basi, mbaazi basi, zinajaza hewa. Jayaben hajala nyama tangu azaliwe, kwa hiyo kumkataza mwenzake hakumpa shida.

Nakumbuka Mshamu alivyokaa na lile bakuli mkononi.

"Bibi wa Bungu kakataza kinachoteleza," alisema.

"Hiyo ni dawa, Baba Sijaona. Si chakula."

"Kwani tumboni kuna milango miwili? Mmoja wa dawa na mmoja wa chakula?"

Alikunywa mwishowe, kwa kuwa niliapa kwamba ningemwaga mtungi wa maji kichwani mwake asipokunywa. Lakini siku hiyo yote alikuwa na wasiwasi, kana kwamba Bibi Mwanamina angetokea mlangoni kumuuliza.

Ndivyo alivyokuwa. Mshamu ni mtu wa kushika neno. Ukimwambia njoo alfajiri, unamkuta mlangoni kabla hujatawadha. Waganga walimwambia acha hiki, akaacha, na hakuna siku aliyouliza ataacha mpaka lini. Sifa hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali posa yake, na sasa nilikuwa naiona inamuua mbele ya macho yangu.

Aliyetumaliza kabisa ni Mzee Mussa wa Mbwera, kule chini kwenye delta ambako mto unagawanyika ndani ya mikoko. Yeye hakuwa tapeli, mjue. Dawa yake ndiyo iliyokata damu kuliko dawa zote. Mshamu alirudi kutoka kwake amejaa mashavu, akalima msimu mzima. Lakini mwiko wake ulikuwa huu: usile kilicholelewa na maji. Mpunga umelelewa na maji. Samaki kalelewa na maji, kamba, kaa, hata bata. Tumbo lako limejaa maji, alimwambia, usiliongezee. Ukipona, rudi nikufungue.

Mwambie mtu wa Rufiji asile wali wala samaki. Afadhali umwambie asivute pumzi.

Mshamu aliacha. Kisha siku ya maulidi, mwaka uliofuata, alijisahau. Walimpa sinia na wenzake, mazungumzo yakakolea, mkono ukaenda kwenye wali peke yake. Tonge moja akalimeza, la pili akalitema. Kabla ya magharibi alikuwa chooni nyuma ya migomba, na damu iliyotoka siku ile niliifukia mwenyewe kwa jembe. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Na mimi, niliyekuwa nikimcheka kidogo, niliacha kucheka.

Basi tazama mtego aliokuwamo. Hajapona, hawezi kwenda kufunguliwa. Hajafunguliwa, hawezi kula. Hali chakula, atapona vipi? Nilikuwa naizungusha habari hii kichwani wakati natwanga, wakati nachota maji, wakati namfulia nguo zake, na kila nilipofika mwisho nilikuta nimerudi pale nilipoanzia.

Lazima niseme na mimi ni nani, maana bila hilo haya mengine hayana uzito. Mimi ni Mmatumbi. Nimezaliwa milimani kusini, nimelelewa kwa muhogo: muhogo mbichi, muhogo mkavu, ugali wa muhogo, kisamvu chake juu. Wali kwetu ulikuwa chakula cha Idi. Mshamu alipokuja kunioa, ndugu zake Wandengereko walinitania mpaka nikakasirika. Naye akanibandika jina la Mla Muhogo, akawa ananiita hivyo hata mbele ya wageni. Muhogo kwake ni chakula cha mwaka wa njaa, wala hajapata kuupanda. Nami nilipofika katika nyumba ya wali nikashikwa na utamu wake. Zaidi nilishikwa na ukoko. Mshamu alikuwa anakula barazani, mimi jikoni, na akimaliza anasikia namna ninavyoukwangua ule ukoko wa kahawia chini ya sufuria, kwarakwara, kwarakwara. Ananipigia kelele kutoka nje: "Mla Muhogo, utatoboa sufuria!" Miaka yetu yote ilipita hivyo, na nilidhani itaendelea kupita.

Sasa jioni moja, mavuno yakiwa yameshaingia, alinishika mkono, akaniita jina langu.

"Semeni," alisema. "Leo pika wali."

Moyo wangu uliruka. "Utakula?"

"Sitakula. Pika, uniletee hapa, nisikie harufu yake tu."

Nilipika. Mchele mpya, wa msimu ule ule, nikautia nazi. Nikauleta unafuka, nikauweka karibu na mto wake, akafumba macho akavuta pumzi. Machozi yalimtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni. Hakuufuta uso. Baadaye kidogo akaniambia niuondoe, nikauondoa, nikasimama jikoni na bakuli mkononi nisijue niliweke wapi. Nilitaka kulipiga ukutani. Nilitaka kumpiga Mzee Mussa, na Mshamu, na kila aliyewahi kuninong'oneza jina la mti.

Asubuhi nilivaa kanga nikaanza kuwazungukia wote.

Mwalimu Seleman alishangaa. "Kitunguu? Nilisema wakati anakunywa kombe tu! Mpaka leo hali kitunguu?" Akajipiga paji la uso. Bibi Mwanamina alimfungua hata hakumbuki alimfunga nini. Jayaben akalia, akasema yeye hakujua kwamba wengine nao wamekataza, kila mmoja kachukua chake, sahani ikabaki tupu. Nikarudi nyumbani na ruhusa nyingi. Nikampikia kunde, zikamkata usiku kucha. Nikamsongea ugali, ukatoka kama ulivyoingia. Nyama nilipata mara moja, hakuweza hata kuitafuna.

Nikaenda kwa dresa. Alinisikiliza, akavua kofia.

"Tumbo lake ni kidonda kitupu, Mama Sijaona. Magumu yote yatamkwaruza. Kinachomfaa ni wali laini, uliopondwa, na supu ya samaki."

Nilimtazama, nikacheka vibaya, akadhani nimechanganyikiwa. Nikamweleza kuhusu Mbwera. Yeye hakunidharau, alisema tu, "Basi mfungueni. Fanyeni mnavyojua, lakini ale upesi."

Binti yetu Sijaona alikuja kutoka Umwe kukaa na baba yake. Jayaben akamwomba mumewe, nikapanda lori lililokuwa linakwenda Nyamisati kuchukua boriti, nimekaa juu ya magunia na kuku wangu wa kumpa mganga. Kutoka Nyamisati nilipata mtumbwi. Maji yalikuwa yanatoka, mizizi ya mikoko iko nje, matope yananuka, na mimi njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Mzee Mussa. Nilikuwa nimeamua kupiga magoti.

Nilimkuta mwanamke wa makamo anaanika uduvi juu ya mkeka.

"Hodi hapa kwa Mzee Mussa."

"Karibu, dada. Kwa Mzee Mussa ndipo, ila mwenyewe hayupo."

"Atarudi lini?"

Aliacha kutandaza uduvi. "Baba tulimzika mwezi wa Rajabu," alisema.

Nilikaa pale pale matopeni na kanga yangu ya kutokea, nikalia kwa sauti, wala sikuona haya. Kuku alinitoka mkononi akakimbilia kwenye uduvi. Yule mwanamke, Mashavu jina lake, alimwacha kuku ale, akaja akakaa karibu yangu. Alisubiri mpaka nikaweza kusema. Nikamwambia yote.

"Mfungue weye basi," nilisema. "Mkoba wake wa dawa si umeurithi weye?"

"Mkoba ninao. Maneno aliyomfungia mumeo sinayo. Baba kila mgonjwa alimfunga kwa maneno yake, hakumwambia mtu, na kenda nayo. Nikikwambia nimemfungua nitakuwa nakucheza shere."

"Kwa hiyo afe?" Nilimfokea, mtu ambaye hajanikosea kitu. "Afe kwa kuwa baba yako alikuwa mchoyo wa maneno?"

Hakukasirika. Aliokota kipande cha jani kwenye mkeka.

"Kufungua siwezi, dada. Kuhamisha naweza, hilo alinifundisha. Lakini apatikane mtu wa kuupokea mwiko."

"Kuupokea vipi?"

"Aubebe yeye. Mumeo atakula, na huyo ndiye atakayeacha wali na samaki, maisha yake yote. Akila hata tonge, mwiko unarudi kwa mwenyewe, tena unarudi mkali zaidi. Na baba yangu hayupo wa kuuzuia."

Najua unachofikiri. Kwa nini nisiinuke tu, nikarudi Kibiti, nikamwambia Mshamu kafunguliwa? Hata mimi nilifikiri hilo, nikiwa bado nimekaa matopeni. Imani yangu ilikuwa nusu nusu, naweza kusema hivyo mbele ya yeyote. Lakini ile damu ya siku ya maulidi niliifukia kwa mikono yangu, na nusu iliyokuwa inaamini ilikuwa inatetemeka. Uongo wangu ungekuwa wangu, lakini damu ingekuwa yake.

"Mtu mwenyewe ni mie," nilisema.

Mashavu aliniangalia. "Unakaa Rufiji, dada. Utakula nini?"

"Mie ni Mmatumbi. Tulilelewa kwa muhogo."

Nilisema kwa kiburi.

Alipika wali, akauwekea pande la samaki. Aliniambia nile tonge moja, la mwisho, kutoka mkononi mwake, huku yeye anasema maneno yake kimyakimya. Ulikuwa wali wa nazi, mchele mpya kama ule niliompikia Mshamu anuse. Nilitafuna mpaka ukawa mtamu mdomoni, kisha nikaendelea kutafuna maana sikutaka kumeza. Mashavu hakuniharakisha. Nilipomeza alinipeleka kwenye maji nikanawa mkono na kusukutua mdomo, akasema imekwisha. Kuku hakumtaka. Akasema nimchinjie mgonjwa supu.

Nilipofika nyumbani Sijaona alikuwa mlangoni, na uso wake ulinitisha. Ndani Mshamu hakugeuka. Alizungusha macho tu.

"Umemwona mzee?"

"Mzee kafariki, Mungu amrehemu. Binti yake ndiye aliyefanya kazi."

"Kanifungua?"

"Mwiko hauko kwako tena, Mshamu."

"Kabisa?"

"Kabisa. Nimekuja na amri upikiwe leo."

Sikusema uongo hata neno moja, hesabu mwenyewe. Ningemweleza zaidi angekataa. Namjua: angesema mtu habebeshi mkewe ugonjwa wake, angegeukia ukutani, na tungemzika ana heshima zake zote. Sikutaka heshima zake. Nilimtaka yeye.

Nilifuata alivyosema dresa. Kwanza maji ya mchele yenye chumvi kidogo. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama kwa hofu kama mtoto anayepewa dawa chungu, akanywa. Tukangoja. Sijaona alikuwa amenishika kanga kwa nyuma. Jioni ilipita, asubuhi ikaja, damu haikuja. Nikampa uji wa mchele. Kisha wali bokoboko nilioupondaponda, kisha supu ya perege, nimetoa miiba yote kwa vidole. Ile siku alipoomba aongezwe nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifunika kanga usoni. Jayaben alikuja kuniuliza kama mgonjwa amefariki, na mimi nikashindwa kumjibu kwa kicheko.

Sasa sikiliza maisha yangu yakawaje. Kupika perege na usimwonje ni adhabu, sijui kama umeshawahi. Chumvi nilikuwa nakisia. Mshamu anakula barazani, mimi jikoni na kipande changu cha muhogo nilichonunua kwa Wamatumbi wenzangu wa kijiji cha pili, nimekificha chini ya kanga kama mwizi. Kwenye harusi nilisema jino linaniuma. Kwenye msiba nilisema nimefunga. Kwenye maulidi nilijitia kupakua tangu mwanzo hadi mwisho ili nisikae kwenye sinia. Ukoko niliwakwangulia kuku, nje, mbali na nyumba, na kuku wetu wakanenepa mpaka majirani wakauliza tunawapa nini.

Kulikuwa na siku nililia kwa ajili ya ukoko. Mtu mzima, nina wajukuu. Harufu yake ilinijia nikiwa nimeinama juu ya sufuria, na mkono ukajinyoosha wenyewe, nikaurudisha kwa kuuchapa na mwiko wa kusongea. Usiseme ni jambo dogo. Nilimkasirikia Mshamu siku hiyo, ambaye hakuwa amefanya lolote zaidi ya kula na kupona.

Maana alikuwa anapona. Tumbo halikumwacha, usinielewe vibaya. Liliendelea kumrudia, akajikunja, akanywa yale maganda ya Jayaben, likatulia. Lakini lilimkuta ana nyama za kupigana nalo. Mavazi yakaanza kumkaa. Akaanza kwenda shambani polepole, akikaa kwenye dungu, kile kibanda chetu cha juu cha kulindia mpunga, hata kama mpunga haukuwapo. Akaanza tena kunitania. Ila sikumsikia hata mara moja ananipigia kelele kwamba nitatoboa sufuria, na kwa ujinga wangu sikujiuliza kwa nini.

Mvua za vuli zilipoanza alitoka asubuhi bila kuniaga. Nilikuwa napepeta mchele uani. Alirudi jua limepanda, anatembea kwa kupumzika pumzika, na begani kabeba mzigo wa vijiti. Nilipotazama vizuri nikaona ni vijiti vya mihogo, vilivyokatwa kwa kupandwa, vingi. Aliutua mzigo karibu na migomba, akashika kiuno, akahema.

"Umetoa wapi hivyo?" niliuliza.

"Kwa shemeji zangu Wamatumbi. Wamenicheka mpaka wamechoka."

"Vya nani?"

Alichukua jembe lililoegemea ukuta, akaanza kuchimba pale pale, udongo ukiwa mbichi kwa mvua. Alikuwa anachimba vibaya, mtu asiyejua.

"Mshamu, nimekuuliza vya nani?"

"Vya mtu asiyekula wali."

Ungo uliniponyoka, mchele ukamwagika chini. Kuku wakaja mbio. Sikuwafukuza.

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Mie ni mgonjwa wa tumbo, Semeni, si wa masikio. Tangu urudi Mbwera sijasikia mtu anakwangua sufuria katika nyumba hii." Aliendelea kuchimba, hakuniangalia. "Mwanzo nilidhani umepoteza hamu. Kisha nikakuona unawamwagia kuku ukoko. Wewe! Nikajua kuna jambo. Nikamuuliza mtu aliyetoka Mbwera jinsi binti wa mzee anavyofanya kazi zake."

Nilishikwa na hofu ambayo sijapata kushikwa nayo hata siku ile ya matope. Nilimkimbilia nikaushika mpini wa jembe.

"Usiache kula," nilimwambia. "Mshamu, nakuomba, nitukane, nipige, lakini usiache kula."

Ndipo aliponitazama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilitaka kuacha," alisema. "Mara ya kwanza nilipojua nilikaa mbele ya sahani nikataka kuisukuma. Halafu nikafikiri, nisipoula huu wali, wewe utakuwa umeuacha bure." Akapangusa uso kwa mkono wenye udongo. "Ule wali ulinishinda kumeza, Semeni. Lakini niliumeza. Na wa jana nimeumeza. Na wa leo utanipakulia, nitaumeza."

Nililia, naye akalia, tumesimama na jembe katikati yetu, na Jayaben aliyekuwa anapita na ndoo alituona akageuka akarudi alikotoka.

Baadaye Mshamu alivuta kamasi, akaokota kijiti kimoja, akakigeuza huku na huku.

"Haya, Mla Muhogo," alisema. "Kichwa chake ni kipi?"

Nikakichukua, nikamwonyesha yale macho yake madogo na upande unaoelekea juu, kisha nikamwonyesha namna ya kukilaza kidogo unapokichomeka. Alichomeka cha kwanza, nikakirekebisha. Tulipanda mpaka vijiti vikaisha, halafu nikaingia jikoni kumpikia wali.